Dharau, utovu wa adabu, ujuvi, kufuru au dhihaka: uandike lipi?

Jumanne asubuhi, kabla sijamaliza kupangusa mashine ya fotokopi, aliingia mama mmoja muuza dagaa. Kanga mbili, kipochi mkononi, hasira usoni.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba mwanangu. Niandikie barua ya kwenda kwa uongozi wa soko. Kijana wa mzani kanitukana."

Nikawasha kompyuta, nikamuuliza katukana neno gani. Akanyamaza. Kisha akasimama, akanitazama kuanzia kwenye ndala mpaka utosini, taratibu, akavuta midomo upande mmoja, akageuza uso na kujifanya anachezea simu.

"Hivyo," akasema. "Mbele ya wateja wangu."

Hilo si tusi. Wala si jambo dogo, na mama alilijua hilo kuliko mimi. Tulikaa karibu nusu saa tunalitafutia jina jambo hilo.

Nina steshenari ndogo hapa Mwanza. Watu wanakuja kutoa kopi za vyeti, kuchapa barua za kuomba kazi, na wengi zaidi ya unavyodhani wanakuja kuchapisha malalamiko. Ukizichuja barua hizo, nyingi zinasema kitu kimoja: fulani hakukiheshimu alichopaswa kukiheshimu. Kiingereza kina neno moja, "irreverence", linalojaribu kubeba hayo yote kwa mkupuo, na wanafunzi wa vyuo huja kuniuliza Kiswahili chake kana kwamba kimekaa kwenye rafu moja kinasubiri kuchukuliwa. Hakipo. Sisi mzigo huo tumeugawa mafungu, na kila fungu lina mwenyewe. Ukichukua lisilo lako unaweza kumfukuzisha mtu kazi kwa kosa la kukunja uso, au aliyevuruga msiba wa watu akaonekana mtundu tu.

Kwa hiyo nimeyaweka hapa matano yanayogombaniwa sana kwenye meza yangu.

MASWALI YA KUJIULIZA KWANZA

Swali la kwanza: nani kavunjiwa heshima? Mtu mzima, mwenye cheo, mtu yeyote wa kawaida, au Mungu? Kuna maneno yanayopanda tu, kutoka chini kwenda juu, na kuna yanayokwenda kila upande.

La pili watu hulirukia, na ndilo linaloharibu barua nyingi: neno linashika nini? Linaweza kushika tendo, ambalo shahidi aliliona. Linaweza kumshika mtu mwenyewe, tabia yake na malezi yake. Au linashika kilichokuwa moyoni mwake, ambacho hakuna aliyekiona.

La tatu ni uzito. Likishaandikwa, samahani inalifuta?

La nne ni masikio ya hapa kwetu. Neno linaloeleweka vizuri Unguja au Tanga linaweza kumfanya kijana wa Igoma akutumbulie macho. Na sisi huku tunakozungumza Kiswahili juu ya Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kihaya, tuna mizani yetu.

UTOVU WA ADABU (na ndugu yake, utovu wa nidhamu)

Linagusa nini. Tendo. Utovu ni kukosa, kupungukiwa. Adabu ni yale uliyofundishwa nyumbani: kuamkia, kumpisha mzee kiti kwenye daladala, kupokea kitu kwa mikono miwili. Nidhamu ni ya mahali palipopangwa, na asili yake ya Kiarabu ni mpango, utaratibu: saa ya kuingia kazini, sare, amri ya msimamizi. Watu huyachanganya haya mawili, lakini sikiliza kinachotokea ukiyatamka. Ukisema mtoto hana adabu, wa kwanza kuumia ni mama yake. Ukisema ana utovu wa nidhamu, mama halali vibaya. Hiyo ni habari ya shule au ya kiwanda. Ndiyo maana barua za onyo kazini na kamati za mpira hupenda nidhamu. Inaadhibu bila kuingia sebuleni kwa mtu.

Neno hili hupanda. Mwanafunzi humfanyia mwalimu, kijana humfanyia mzee. Mara chache sana utasikia mwalimu mkuu kashtakiwa kwa utovu wa adabu dhidi ya mwanafunzi, hata pale anapostahili. Halina kitenzi chake pia. Inabidi uazime: amenikosea adabu, amenivunjia heshima.

Uzito na masikio. Ni kavu, la kiofisi, na ukavu huo ndio nguvu yake. Anayesoma "ameonyesha utovu wa nidhamu" lazima aulize: alifanya nini? Hapo unalazimika kutaja tarehe, mahali na kitendo. Samahani ya maandishi kwa kawaida inalimaliza. Ubaya wake ni baridi. Nilipompendekezea mama wa dagaa akatikisa kichwa. "Hiyo ya wanafunzi."

Tena ujihadhari na herufi. Adabu na adhabu zimetenganishwa na h moja tu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilichapa barua ya shule, wazazi thelathini na kitu, kuwajulisha kwamba watoto wao wamesimamishwa kwa "utovu wa adhabu". Mzazi mmoja alikwenda kumuuliza mkuu wa shule kama mtoto arudishwe akaongezewe. Nilizichapa upya zote kwa karatasi zangu.

Linamfaa nani. Msimamizi, mwalimu, mjumbe wa mtaa, katibu wa kikundi. Yeyote anayeandika jambo la mtu mwingine na atakayeulizwa ushahidi. Lisitumike kwa tofauti ya malezi tu. Binti aliyekulia kijijini Usukuma anapiga goti kumwamkia mkubwa. Aliyekulia Nyakato kwenye nyumba za kupanga anasema shikamoo amesimama. Bibi anaweza kuumia, lakini sijaona utovu hapo.

DHARAU

Linagusa nini. Tuanzie ziwani. Mvuvi akitoka na mtumbwi wakati mawimbi yameshaanza kuvunjika weupe, akipata matatizo watu wa mwaloni watasema alidharau upepo. Upepo hauna heshima ya kuvunjiwa. Hata mwiba hauna, na bado wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mtu hudharau homa, hudharau deni dogo, hudharau timu ya daraja la chini ikamfunga. Kumbe kiini cha neno si matusi wala utovu. Ni kukipa kitu uzito mdogo kuliko kilionao.

Ukishaliona hivyo, mambo mengi yanakaa sawa. Dharau haihitaji mdomo. Salamu isiyojibiwa ni dharau, mkono ulioachwa hewani ni dharau, na kumhudumia aliyekuja nyuma yako ukiwa umesimama pale pale ni dharau iliyokomaa. Na inakwenda kila upande, tofauti na neno la kwanza. Bosi humdharau mfagizi. Tajiri humdharau shemeji yake. Mfagizi naye humdharau bosi anayekopa kwa kila mtu. Sifahamu neno jingine katika haya matano linalomruhusu mtu wa chini kumshtaki wa juu bila kuonekana amevuka mpaka.

Lina kitenzi chake, tena kinachompokea mtendwa moja kwa moja: amenidharau, nimedharauliwa. Lakini jina la mtu halina kirahisi. "Mdharau" limebaki kwenye methali. Mtaani tunasema "ana dharau", kama mtu mwenye mafua, kitu kinachoweza kumwondoka.

Uzito na masikio. Hapa Mwanza neno hili lina bei mbili. Kwa watu wazima ni zito; "una dharau wewe" ikitamkwa dukani watu hugeuka kutazama. Kwa vijana limeshuka mpaka utani: mchezaji akipigwa tobo pale uwanja wa CCM Kirumba jukwaa zima linapiga kelele "dharau hizo!" na hakuna anayekasirika isipokuwa aliyepigwa.

Halafu kuna dharau iliyovaa suti. Kuidharau mahakama ni kosa, limo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Huko haiulizwi ulijisikiaje; inaulizwa ulifanya nini mbele ya hakimu au dhidi ya amri yake. Tangu sheria ilipobadilishwa 2021 na Kiswahili kufanywa lugha ya sheria na ya mahakama, maneno ya aina hii mtu anaweza kuyakuta kwenye karatasi aliyoishika mkononi, kwa hiyo ni vizuri kujua kwamba dharau ya mahakamani na dharau ya sokoni ni majina yanayofanana tu.

Udhaifu wake ni ushahidi. Unadai kujua kilichokuwa moyoni mwa mtu. Yeye atajibu, "Sikumdharau, nilikuwa nasoma ujumbe," na kikao kitaishia hapo.

Linamfaa nani. Aliyekosewa mwenyewe, akisema kwa kinywa chake. Mwandishi wa taarifa asilitumie peke yake. Aandike kilichoonekana, kisha aseme mlalamikaji alikichukulia kuwa dharau.

UJUVI, UFIDHULI NA JEURI

Nimeyafunga kwenye kikapu kimoja kwa kuwa yote matatu yanamshika mtu mwenyewe: mjuvi, mfidhuli, mjeuri. Jina likikaa hivyo haling'oki kwa samahani. Utaomba radhi, watu watasema "mjuvi kaomba radhi".

Yanagusa nini. Ujuvi umetoka kwenye kujua, lakini mjuvi si mwenye maarifa. Ni anayejifanya anajua, akaingilia pasipo zamu yake, akamkatiza mkubwa. Mitaani kwetu wengi husema ujuaji: "acha ujuaji". Ufidhuli kwa asili yake ya Kiarabu ni kujitia kwenye lisilokuhusu. Katika Kiswahili umekuwa ukali wa ulimi, majibu ya kukata. Utausikia kwa watu wa pwani na utausoma vitabuni, lakini ukimwambia dereva wa bodaboda wa Buhongwa kwamba ni mfidhuli, atafikiri umemsifia. Jeuri ni kitu kingine: ni kukosa heshima kwa sababu una cha kuegemea. Pesa, mjomba mkubwa, misuli. Ndiyo maana neno hilo lina upande wa sifa. Timu "ina jeuri ya kusajili", mtu "ana jeuri ya kulipa taslimu". Hakuna anayesema timu ina ujuvi wa kusajili.

Uzito na masikio. Ujuvi na ufidhuli hupanda tu, kama utovu wa adabu. Jeuri hushuka pia.

Hapa niseme maoni yangu. Kati ya maneno yote ninayoombwa kuchapa, ujuvi ndilo linalotumika zaidi kumfunga mtu mdomo. Kikundi kimoja cha kukopeshana kilinijia nichape barua ya kumuonya binti aliyekuwa, kwa maneno yao, "mjuvi kupindukia". Kosa lake: aliomba mbele ya wanachama kuliona daftari la mtunza hazina. Nilichapa, ndiyo kazi yangu. Miezi miwili baadaye walirudi, sura nyingine kabisa, kuchapa barua ya kumtaka mtunza hazina aeleze pengo lililokuwa kwenye daftari. Binti ndiye aliyeishika rasimu.

Yanamfaa nani. Mzazi au mzee anayemkanya kijana ana kwa ana, akiwa na uhakika kwamba kosa ni namna alivyosema, si alichosema. Kama alichosema ni kweli, usimwite mjuvi. Mwite aliyesema vibaya jambo la kweli, hata kama sentensi inarefuka. Kwenye karatasi jeuri linafaa zaidi kuliko mawili ya kwanza, maana unaweza kuonyesha anaegemea nini.

KUFURU

Linagusa nini. Mungu, na vilivyo vyake. Mzizi wake wa Kiarabu ni kufunika, kukanusha. Mwenye kukufuru amefunika ukweli wa Mungu. Binadamu hakufuriwi. Niliwahi kuletewa rasimu iliyosema "mpangaji alinikufuru". Nilimuuliza baba mwenye nyumba kama anaabudiwa tangu lini. Alicheka, tukaandika "alinikashifu".

Uzito na masikio. Zito kuliko yote, na uzito wenyewe haulingani kwa kila msikilizaji. Kwa Mkristo wa kawaida hapa mjini kufuru ni maneno mabaya juu ya Mungu, ya kutubiwa. Kwa Mwislamu neno hilo hilo linagusa kama mtu bado yumo ndani ya imani au ametoka. Kafiri na kufuru ni mzizi mmoja. Kwa hiyo Mkristo anayelitupa kirahisi kwa jirani yake Mwislamu anasema jambo kubwa kuliko alilokusudia.

Wakati huohuo magazeti na mitaa wameligeuza kuwa kipimo cha ziada: harusi ya kufuru, bei ya kufuru, fulani "afanya kufuru" kwa kununua gari. Hapo limebaki na harufu tu ya maana ya zamani, kwamba kuna kiasi ambacho binadamu hapaswi kukivuka.

Kosa langu kubwa kwenye kazi hii linahusu neno hili. Katibu wa kwaya moja alikuja na karatasi: kijana wao mmoja "alifanya kufuru wakati wa sala". Nikachapa kama ilivyo, mhuri, nakala tatu. Baadaye nikasikia kijana amezuiwa kushiriki kwa miezi. Wazee walipokaa na kumuuliza, kumbe aliigiza kikohozi cha kiongozi wa ibada, wenzake wa sauti ya tatu wakashindwa kujizuia. Kikohozi. Barua ilikuwa imeshasomwa mbele ya watu, na mama yake aliisikia akiwa kwenye benchi la tatu. Tangu siku hiyo kila anayeniletea neno kufuru namuuliza swali moja kabla sijagusa kibodi: Mungu alitajwaje?

Linamfaa nani. Mhubiri, ustadhi, mwalimu wa dini, wakizungumza na watu wa imani yao. Kama jambo limevuka mipaka ya dini, mtu wa huku kasema juu ya dini ya kule, andika kukashifu dini au maneno ya kuumiza hisia za kidini. Ndiyo njia ambayo sheria yetu inapita kwenye Kanuni ya Adhabu, na polisi ataelewa unazungumzia nini.

DHIHAKA (na majirani zake: kejeli, stihizai, mzaha, utani)

Linagusa nini. Kicheko. Dhihaka imetokana na kucheka, na stihizai ni dada yake anayekaa vitabuni. Kejeli ina meno zaidi. Mzaha una machache. Utani hauna kabisa, ama tuseme una meno yaliyoruhusiwa, na hapo ndipo pana raha ya kulinganisha.

Nenda Bujora, Kisesa, barabara ya Musoma, wakati wa Bulabo, ile sherehe ya ngoma iliyofungamanishwa na sikukuu ya Ekaristi kwa Wakatoliki. Utakuta Wagika na Wagalu, pande mbili za ngoma zinazoshindana katika Usukuma tangu enzi za Ngika na Gumha, waganga walioziasisi. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na hakimu ni umati: unaohamia kwako umekupa ushindi. Sasa hebu sikiliza nyimbo. Kiongozi wa upande wa pili anachambuliwa mbele ya wajukuu zake, dawa zake zinachekwa, jembe la ngoma ya Bugobogobo linarushwa hewani kama vile yeye hayupo. Mgeni angesema hiyo ni dharau ya mchana kweupe. Siyo. Naye ana ngoma yake, na zamu ya kujibu anayo sasa hivi.

Au fikiria mtani msibani. Watu wanalia, yeye anaigiza jinsi marehemu alivyokuwa anatembea, anadai deni kwenye jeneza, anagoma mpaka apewe chochote. Akifanya hivyo jirani asiye mtani, atatolewa kwa fimbo. Tendo ni moja, kikohozi ni kile kile, ila mmoja ana kibali na mwingine hana.

Uzito na masikio. Kwa hiyo kipimo hapa si neno lililotamkwa. Anayechekwa anaweza kujibu? Anacheka naye? Alijua kwamba yumo mchezoni? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, ni utani. Likianza kuwa hapana, tunasogea kwenye dhihaka, na likiwa hapana yote, hasa kama anayechekwa ni mlemavu, maskini au mgonjwa, ni kejeli na hakuna wa kuitetea.

Linamfaa nani. Anayesimulia kilichotokea na kicheko kilikuwepo. Linawafaa pia wafasiri, ambao ndio wanaonisumbua sana. Lile neno la Kiingereza mara nyingine linasifia: mchekeshaji asiyeogopa wakubwa, mwandishi anayechokoza kila kilichotukuzwa. Nimeona tafsiri za wanafunzi zikimwita mtu wa namna hiyo "mwenye dharau", sifa ikageuka mashtaka. Kiswahili hakina jina moja la sifa hiyo, ila kina njia: mzaha usiochagua mkubwa wala mdogo, utundu wa kalamu, mtu asiyemwogopa mtu. Ikirefuka, irefuke.

UKIWA UMEKWAMA, TAZAMA HALI YAKO

Unaandika onyo la kazini au taarifa ya shule: utovu wa nidhamu, ukifuatiwa palepale na kilichofanyika. Adabu iache kama hutaki wazazi waingie kwenye kesi.

Umekosewa wewe, na aliyekukosea ana cheo kuliko wewe: dharau. Mengine yote yatakuangusha, kwa kuwa yamezoea kwenda kinyume na wewe. Lakini mtafute aliyeona.

Unamkanya mwanao au mdogo wako: ujuaji kama aliingilia wakubwa, utundu kama ana miaka saba na alikuwa anacheza tu. Mtoto wa miaka saba hana dharau. Hajajua bado uzito wa watu.

Umesikia maneno juu ya dini yako na damu imechemka: usiandike leo. Kesho, kama Mungu au kitabu kilitajwa kwa ubaya na aliyesema ni wa imani yako, peleka kwa viongozi wenu na neno kufuru walitamke wao. Kama ni wa imani nyingine, kukashifu dini.

Mtu kakucheka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: tazama kwanza kama ni mtani wako kwa haki. Shemeji, binamu, mjukuu kwa babu. Ukimshtaki mtani kwa wazee utachekwa mara ya pili, na safari hii kwa haki kabisa.

Unatafsiri na neno linasifia: usiguse hata moja kati ya manne ya kwanza.

Na mama wa dagaa? Hali yake ilikuwa ya mguu mmoja huku na mwingine kule. Alikuwa amekosewa yeye, lakini barua ilikuwa inakwenda kwa uongozi utakaouliza ushahidi. Nikaandika kwamba siku hiyo, saa mbili asubuhi, mbele ya wateja wake watatu, mhudumu wa mzani hakujibu salamu yake, alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akaendelea na simu ilhali dagaa wake wako juu ya mzani. Nikamalizia: "Kitendo hicho ni utovu wa nidhamu kazini, na kwangu mimi ni dharau."

Nikamsomea. Akaomba nirudie sentensi ya mwisho. Nikarudia.

"Futa hiyo 'kwangu mimi'," akasema.

Nikamweleza kwa nini nimeiweka, kwamba kijana atasema hakukusudia. Akanisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza.

"Nimeelewa mwanangu. Futa."

Nikafuta. Akachukua nakala mbili, akalipa, akakataa chenji.